Masikio ya Lord Wexcombe

Saa mbili asubuhi wanawake watano walikuwa wameshakaa kwenye meza ndefu ghorofani, juu ya duka la picha la Bwana Strake, kila mmoja na rangi yake. Karatasi iliyotoka kwenye mtambo wa chapa ilianzia kwa mwenye manjano, ikaenda kwa mwenye kijani, kwa mwenye kahawia, kwa Bi Hepzibah mwenye buluu, na mwisho ikatua kwa Bi Dorcas Tewke, ambaye alikaa karibu na dirisha kwa sababu nyekundu haitaki mzaha. Kwake yalibaki mashavu, midomo, makoti ya askari, divai na pua za walevi. Akishamaliza yeye, picha imekwisha. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu kisichotakata, hata kanisani alikificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Chini, nje ya dirisha la duka, London ilikuwa imeshajazana. Kila wiki Bwana Strake alibandika karatasi mpya za kuwacheka wakubwa: waziri mwenye tumbo la pipa, askofu aliyepanda nguruwe, jenerali anayekimbia vita huku kabeba meza yake ya chakula. Mwenye uwezo aliingia kununua. Asiye na uwezo alicheka bure pale nje, na wezi wa mifukoni nao wakajitafutia riziki yao. Wakubwa wenyewe waliochorwa walinuna siku mbili, ya tatu wakatuma mtumishi akawanunulie nakala waitundike ukumbini. Aliyekosa usingizi ni yule ambaye hajachorwa. Watu walisema karatasi hizi zinawatetemesha watawala. Ni kweli, ziliwatetemesha, kwa kicheko.

Siku hiyo Dorcas hakuwa na kicheko na mtu. Mwanawe wa pekee, Jabez, mfumi wa hariri, alikuwa gereza la Newgate akingoja kunyongwa. Matajiri wa hariri walikuwa wamepunguza ujira, wafumi wakakasirika, wakaingia kwenye nyumba za wale waliokubali ujira mdogo na kuikata hariri ikiwa ingali kwenye vitanda vya kufumia. Jabez hakushika kisu. Alishika mshumaa. Jaji alisema amulikaye ndiye akataye, akavaa kichwani kitambaa cheusi cha hukumu ya kifo, kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mlango uliobaki ulikuwa mmoja. Maombi yote ya waliohukumiwa kufa yalipitia kwa waziri mmoja, Lord Wexcombe, na akisema huyu aachwe, huyo huachwa. Dorcas alikuwa ameshamwandikisha mwandishi wa barua mara tatu, na mara zote tatu kimya. Sababu ilijulikana na mji mzima: Lord Wexcombe hasikii. Ametia pamba masikioni, walisema wachuuzi wa chaza. Ungempigia mzinga dirishani angeuliza kama ni mvua. Dorcas aliishikilia habari hiyo kwa mikono miwili, maana mtu ambaye hajakusikia bado unaweza kumsemesha.

Basi saa ya kula mkate na jibini alishuka hadi chumba cha nyuma, kwa Ambrose Fitch, mchoraji wa duka, mzee mwenye mgongo wa kibiongo na macho mekundu ya pombe, aliyechonga picha kwenye mabamba ya shaba.

"Bwana Fitch, nichoree Wexcombe."

"Nimeshamchora mara sita, Bi Dorcas. Nikimchora ya saba itabidi nipeleke mahari."

"Mchore na masikio. Makubwa."

"Ya punda? Punda nimeshampa waziri wa vita. Watu watachanganya."

"Si ya punda. Ya mtu, ila yafike mabegani. Mji wote umwone, aone haya, asikilize."

Fitch aliweka chini patasi yake. Habari za Jabez alizijua, nani asiyezijua mtaani? "Mama," alisema, "mtu mwenye gari la farasi wanne haya humpata wapi? Ikimfukuza haimfikii."

"Wewe mchore tu."

Akamchora. Alichonga siku tatu, kinyumenyume kama ilivyo desturi ya kazi ile, kulia kushoto na kushoto kulia, ili karatasi ikigeuzwa mambo yakae sawa. Picha ilimwonyesha Lord Wexcombe mezani akila bata, kiti chake kimewekwa juu ya lundo la barua za watu, masikio yakimning'inia kama mapazia, na ndani ya masikio hayo wajane, mabaharia wasio na miguu na wafumi wamesimama wakipiga kelele. Chini yaliandikwa maneno mawili: MHESHIMIWA ANASIKILIZA.

Nakala zisizo na rangi zilitangulia kutoka, kama siku zote, maana watu hawana subira. Zilibandikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Lord Wexcombe aliamka na masikio hayo kichwani. Mtumishi wa chumbani aliingia na chai, akayaona yametanda juu ya mto, akayasogeza taratibu asije akayamwagia, kisha akaenda kumwita fundi wa kola. Yalifika mabegani. Yalikuwa meupe, yenye vimistari vyeusi vya patasi ya Fitch, na chini ya sikio la kushoto ilisomeka anwani ya duka la Bwana Strake kwa herufi ndogo sana. Daktari aliyachoma sindano. Damu haikutoka, lilitoka tone la wino, akalifuta kwa kitambaa na kumwagiza mgonjwa asikae karibu na moto.

Magazeti yaliiweka habari hiyo ukurasa wa tatu, chini ya meli zilizowasili. Alasiri Lord Wexcombe alikwenda Bungeni kama kawaida. Askofu mmoja alimuuliza kama ni mazito, naye akajibu kwamba ni wakati wa mvua tu. Wahenga husema sikio halipiti kichwa. Ni wahenga wazuri, lakini London hawakuwahi kufika.

Bi Hepzibah ndiye aliyeileta habari mezani, maana yeye habari hazimlali tumboni.

"Shoga, umesikia ya Wexcombe? Kaota masikio yako."

"Anasikia?" Dorcas aliuliza.

"Asikie nini! Karatasi tupu. Yananing'inia tu kama soksi kwenye kamba. Daktari kachoma, katoka wino."

Dorcas alitazama rundo la nakala lililokuwa mbele ya mwenye manjano, likisubiri. "Hayajatiwa rangi," alisema.

Wanawake wote watano walilitazama rundo. Lilikuwa jambo la kazi, na wote waliielewa kazi. Mwenye manjano akavuta karatasi ya kwanza.

Kwa kawaida sikio halikupewa zaidi ya mpapaso mmoja wa brashi. Dorcas alichukua brashi yake nyembamba kuliko zote, ile ya kope za malkia. Aliweka wekundu wa mbali kwenye ncha, kama wa sikio linaloangaliwa mbele ya mshumaa, kisha akashusha mishipa, mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake, akakoleza kidogo pale ambapo damu hukusanyika mtu akiona aibu. Nakala mia tatu, masikio mia sita. Bwana Strake alipanda ngazi mara mbili kumhimiza.

"Bi Dorcas, hapa tunauza kejeli. Hatuumbi binadamu."

"Nakaribia, Bwana Strake."

"Unakaribia tangu jana!"

"Basi nimekaribia zaidi."

Bwana Strake akashuka. Nakala za rangi zilitundikwa dirishani Jumamosi jioni. Jumapili, Lord Wexcombe akiwa kanisani, damu iliingia masikioni. Yalianza kupata joto kwenye ncha, yakawa mekundu, yakajiinua polepole hadi mama mmoja aliyekaa nyuma yake akalazimika kuhama kiti. Alisikia mahubiri yote. Halafu akasikia mahubiri ya parokia ya jirani, halafu mtu akifungua chaza ng'ambo ya mto, halafu kikohozi cha kila mgonjwa katika hospitali ya maskini. Kabla ya baraka alikuwa anausikia mji mzima, kila chumba na kila chungu kilichochemka.

Jumatatu ofisi yake ya maombi ilifungwa. Tangazo mlangoni lilisema kuandika barua hakuhitajiki tena, mwananchi aongee nyumbani kwake kwa sauti ya kawaida, na asipige kelele. Mji ukafurahi jamani! Watu walisema huyu ndiye waziri. Wajane waliongea huku wakifua. Mabaharia waliongea juu ya milingoti. Kule dirishani kwa Bwana Strake walikuja hata waliokuwa wakimtukana Wexcombe wiki iliyopita, wakavua kofia mbele ya picha yake.

Dorcas hakungoja tangazo. Jumapili ileile mchana, habari zilipomfikia, alikwenda chumbani kwake mtaa wa wafumi, akanawa uso, akafunga kilemba chake vizuri, akakaa pembeni mwa kitanda cha kufumia cha Jabez ambacho kilikuwa hakijaguswa tangu mwezi wa pili. Akaanza.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi Dorcas Tewke, mama yake Jabez. Samahani kukusumbua Jumapili. Mheshimiwa, huyu mtoto hajawahi kukata kitu kikanyooka. Hata mkate, kipande kimoja kama mlango, kingine kama uzi. Wenzake wanamjua, ndiyo maana wakampa mshumaa. Wangempa kisu angejikata mwenyewe. Anaogopa mbwa, mheshimiwa. Mtu wa miaka ishirini na mitatu, akiona mbwa, huvuka barabara kumkwepa. Mtu wa namna hiyo ataangusha serikali gani? Baba yake alikufa kwa homa, mimi sina mwingine. Mpeleke ng'ambo akalime tumbaku maisha yake yote, sitamwona tena, na sitalalamika. Asife tu. Nakuomba baba yangu, asife tu."

Aliongea hivyo Jumapili, akaongea Jumatatu mezani huku akitia rangi, na jioni tena nyumbani. Wanawake wenzake waliacha umbea ili sauti yake ipite bila kugongana na nyingine. Bi Hepzibah, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunyamaza nusu saa, alinyamaza asubuhi nzima mpaka jasho likamtoka.

Jumanne alikwenda Newgate. Jabez alikuwa amekonda, pingu zinamcheza miguuni.

"Mama, unakula kweli wewe?"

"Achana na kula kwangu. Mwanangu, anasikia sasa. Masikio yameshika damu, nimeyatia rangi mwenyewe."

"Tunajua. Sisi wote humu tunamwambia. Asubuhi tunapokezana, mmojammoja, tusimchanganye." Akatabasamu kidogo. "Mimi zamu yangu ni baada ya mwizi wa farasi. Anaongea huyo, mama! Mpaka namhurumia mheshimiwa."

"Hajajibu?"

"Bado. Ana watu wengi."

"Atajibu," alisema Dorcas. Alikuwa na hakika kabisa, na njiani kurudi alijinunulia pai ya mikunga na kuila yote akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki sita.

Jumatano saa nne mtumishi wa Lord Wexcombe alipanda ngazi za Bwana Strake, koti lake la kijani lina vifungo vya fedha. Bwana Strake mwenyewe alimfuata nyuma akipangusa mikono. Mtumishi aliuliza nani Bi Dorcas Tewke. Dorcas akasimama, brashi mkononi.

"Mheshimiwa anakusalimu," alisema mtumishi, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hewani. "Amekusikia tangu Jumapili, neno kwa neno. Amesikia habari ya mshumaa, na ya mkate, na ya mbwa. Anasema una sauti nzuri, imetulia. Wengi wanampigia makelele."

"Mungu ambariki. Na mwanangu?"

"Amemsikia pia."

"Nauliza, anamwacha?"

"Hapana, bibi. Ni Ijumaa, kama ilivyopangwa."

Mwenye kijani alikuwa ameweka brashi juu ya karatasi na akasahau kuiondoa, nyasi zikaendelea kutanuka.

"Lakini amesikia!" Dorcas alisema. "Umesema mwenyewe, neno kwa neno. Mtu akisikia vile… Ni kwamba sikusema vizuri? Kuna kitu nimekiruka?"

Mtumishi yule hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti, ingawa alijua fika kwamba kushusha sauti hakuna maana tena. "Bibi, hukuruka kitu. Hata zamani alikuwa anasikia. Masikio yake ya kwanza hayakuwa na kasoro yoyote. Barua zako mimi ndiye niliyemsomea, zote tatu, baada ya chakula. Ile ya pili aliniambia nirudie, kwa sababu ilimpendeza."

Dorcas alikaa. Tumaini lilimtoka, naye hakulizuia. Siku zote alikuwa amekasirikia pamba, na pamba haikuwahi kuwepo.

Mtumishi alikohoa. Akasema kulikuwa na jambo moja zaidi. Mheshimiwa anahitaji nakala hamsini, za rangi, za kuwapa rafiki zake, na anaomba masikio yatiwe rangi na mtu yuleyule, kwani ana mkono wa ustadi. Bwana Strake alisema bila shaka, bila shaka, kisha akamwona Dorcas alivyokaa, akaona haya, akasema si lazima iwe leo.

Alasiri Fitch alipanda ghorofani na bamba la shaba chini ya kwapa na patasi mkononi.

"Nalikwaruza sasa hivi," alisema. "Mbele yako. Nayang'oa yote mawili."

"Ukiyang'oa atabaki na nini?" aliuliza Bi Hepzibah.

Fitch alifikiri. "Na yale ya zamani," alisema. Akateremka na bamba lake likiwa zima.

Ijumaa gari lilitoka Newgate na Jabez amekaa juu ya jeneza lake, uso kinyume na farasi. Lilichukua saa mbili kufika Tyburn, mahali pa kunyongea, kwa sababu ya umati. Wachuuzi walikuwa wameshatangulia na karatasi za Maneno ya Mwisho ya Jabez Tewke, ambazo mchapaji mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amezimaliza tangu Jumanne. Ndani yake Jabez alikiri kukata hariri kwa mkono wake mwenyewe, akamshukuru jaji, na kuaga kwa shairi. Chini ya mti wa kunyongea, Jabez mwenyewe alianza kusema maneno yake ya mwisho, lakini wachuuzi walikuwa na sauti kubwa zaidi, na watu walitaka kufuatilia kile walichokinunua. Akawangoja wamalize. Walipomaliza, muda ulikuwa umekwisha.

Jabez alikuwa mwepesi mno, hivyo angekawia kufa kambani. Dorcas aliingia chini na kumvuta miguu, kama wafanyavyo ndugu wa wanaonyongwa, akaning'inia kwa uzito wake wote, uso wake kwenye magoti ya mwanawe. Hakutoa sauti. Aliuma kilemba chake, kwa sababu alikuwa ameapa kwamba yule mtu hatamsikia.

Mtumishi alisimulia baadaye kwamba Lord Wexcombe alikuwa mezani. Masikio yaligeuka yenyewe upande wa magharibi. Alisikia gari, akasikia sala, akasikia kamba ikikaza. Halafu akaomba siagi.

Jumatatu Dorcas alirudi mezani, kwani alikuwa na kodi na tumbo kama watu wengine. Nakala hamsini zilikuwa zikimngoja. Bi Hepzibah alisema, "Niachie mimi, shoga, nitayapaka bora liende." Dorcas alitikisa kichwa, akachukua brashi ya kope za malkia, akazifanya zote. Zilitoka vizuri kuliko zile mia tatu. Hakusema neno siku hiyo, wala Jumanne, wala Jumatano. Nyumbani alilia kwa mdomo wazi bila sauti, kama samaki, na alipopiga chafya aliifunika kwa mto.

Alhamisi mtumishi alikuja tena, safari hii chumbani kwake, saa za jioni. Alisimama mlangoni kwa sababu kitanda cha kufumia kilijaza chumba.

"Mheshimiwa ana wasiwasi," alisema. "Hakusikii tena. Mji mzima anausikia, wewe hakusikii. Alikuwa ameshaizoea sauti yako jioni, anasema inamtuliza kuliko dawa ya daktari. Anaomba useme chochote. Hata kidogo."

"Nikisema, atafanya nini?"

"Atasikia, bibi."

Dorcas akafunga mlango polepole. Alikaa. Alifikiri kumlaani, lakini alijua mji umeshaanza kumlaani tena, na yeye hulisikiliza hilo akinyoa ndevu. Alifikiri kunyamaza mpaka kufa. Halafu akafikiri kwamba jina la mwanawe sasa halimo katika kinywa cha mtu yeyote duniani isipokuwa chake, na akinyamaza yeye, limekwisha.

"Jabez," alisema.

Tangu hapo alilisema kila jioni, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama lilivyoagiza tangazo. Na Lord Wexcombe, kule nyumbani kwake, alipolisikia aliukunja mto, akajigeuza ukutani, akalala mpaka asubuhi.